Mwenye Ngazi

Kule Tbilisi, mama ni baba.
Usicheke. Ndivyo lugha yao ilivyoamua:
baba huitwa mama, mama huitwa deda,
na babu, kwa bahati, ni babua,
angalau kwa wazee hatukupishana nao.

Nutsa ana miaka mitano na mapengo mawili.
Anajua deda yake ndiye mwenye ngazi.
Zile ngazi za chuma ziendazo zenyewe
kutoka barabarani hadi tumboni mwa ardhi,
kwenye treni, taa sitini na moja ukihesabu bila kuruka,
zinakwenda kwa sababu deda ameketi chini kabisa
ndani ya kibanda cha kioo
anazitazama.
Akisinzia, zitasinzia.
Ndiyo maana jioni macho yake ni mekundu.
Na umati wote ule, wenye mikate, wenye mbwa,
bibi mwenye maua ya msiba,
unashuka kumwamkia.
Wengi wanapita bila kuamkia. Nutsa anawasamehe.

Deda ana kipaza sauti.
“Kijana, usikae kwenye ngazi!”
na kijana, hata awe na ndevu, anasimama.
Nyumbani ni sauti ileile, bila kipaza:
“Nutsa, usikae kwenye sakafu!”
Nutsa anasimama. Mama Otia naye anasimama,
ingawa yeye alikuwa kwenye kiti.

Kazi ya mama Otia ni dadu.
Kila asubuhi ananyoa ndevu, anavaa koti,
anashuka ghorofa tisa kwa miguu
maana lifti ya jengo lao hula sarafu,
na uani, penye meza ya bati,
Gela na Vazha wameshapanga kete.
Huko hutupa dadu mpaka giza.
Akirudi, deda anauliza, “Umepata?”
Anajibu, “Bado.”
Nutsa anaelewa: bado hajapata sita mbili.
Ni kazi ngumu. Inamfanya mtu asile vizuri.

Shuleni mwalimu Manana akasema,
chora wazazi wako kazini.
Nutsa akamchora deda mrefu kuliko karatasi,
miguu ikabidi imalizikie nyuma,
amezishika ngazi kwa kamba kama anayefuga punda.
Akamchora mama Otia
na dadu mbili kubwa kama nyumba,
nukta zote amezihesabu vizuri.
Picha ikabandikwa ukutani, karibu na makoti.

Otia alikuja kumchukua. Akasimama mbele ya picha.
Akakohoa. Akaifunga zipu ya koti la Nutsa
mpaka kidevuni, akaifungua, akaifunga tena.
Njia nzima hakusema neno.

Jumatatu alikwenda Didube kubeba saruji.
Akarudi na nywele za mzee,
mabega yamemwinama kama kitanzi cha nguo.
Nutsa alisikitika sana.
Mtu mzima kuacha kazi nzuri vile!
Na sasa nani atapata zile sita?

Kisha Februari, umeme ukakatika.
Nutsa alikuwa kibandani, ana homa, hakuna wa kumwachia.
Ngazi zikasimama katikati ya watu.
Mwanamume mwenye mkoba akapiga kioo kwa ngumi,
akasema maneno ambayo Nutsa hakuyajua
ila aliujua uso wa deda yakimwingia.
Deda akanyanyua simu. Akaomba.
Akaomba tena, kwa sauti ndogo
isiyoweza kumsimamisha hata paka.
Basi yuko mwingine, akawaza Nutsa,
mwenye mwenye ngazi,
na hachukui simu.

Usiku Otia aliweka beseni la maji moto.
Miguu ya deda iliingia humo kama mikate miwili iliyoumuka.
Hakuna aliyesema kitu.
Saruji ilikuwa bado masikioni mwa mmoja,
ngumi bado machoni mwa mwingine.
Nutsa akachuchumaa (hakukaa sakafuni),
akatafuta chini ya maji kidole gumba cha deda,
akakibonyeza,
kwa nguvu,
jinsi mtu anavyobonyeza swichi iliyogoma.

Deda akaruka. Maji yakamwagika.
Mama Otia akaanza kucheka, vumbi likimtoka,
na kiti, na meza, na sakafu ya ghorofa ya tisa
vikaanza, polepole, kutembea.